Mlango wa Spånga Haulii Tena

Jumatatu, 6 Novemba 1972

Barua ya kumi na moja imefika. Kampuni ya kumi na moja imenishukuru kwa kuikumbuka na kunitakia kila la heri mahali pengine. Kumi na moja kwa kumi na moja. Hata mtu anayeomba kazi akiwa amefumba macho angepata moja.

Hali ni hii. Bila majuma kumi na mawili ya mazoezi ya kazi, chuo changu cha huku Uswidi hakinipi shahada. Ufadhili unakwisha Juni, na asiye na mazoezi ya kiangazi hurudi kwao. Nikirudi nyumbani mikono mitupu, narudi kuwa fundi mitambo wa kiwanda cha katani kule Kilosa, chini ya yule yule bwana aliyepigwa picha gazetini kwa mashine ya kukamua mkonge niliyoifufua mimi. Kwenye picha ameshika spana. Ameishika kinyume.

Njia iliyobaki ni moja. Chama cha Bawaba, udugu wa wanafunzi wa uhandisi wenye nyumba yao Spånga. Wanachama ishirini na watatu. Kila mwaka chama huwatafutia watu wake wote mazoezi ya kiangazi, na hajawahi kukosa hata mmoja. Orodha hupelekwa kwa makampuni Desemba.

Nimeomba, na wamenipokea kama mtarajiwa. Kura ni Jumamosi tarehe 18. Wamempokea pia Wanjohi, Mkenya wa mwaka wa pili, miaka ishirini na miwili, ambaye ananiita mzee. Nina thelathini na mmoja.

Mwaka jana aliingia mgeni mmoja. Mwaka juzi mmoja. Wastani ni mmoja. Kwa hiyo ni mimi au Wanjohi.

Dada Dafrosa, muuguzi aliyenipa chumba hapa Hagsätra, ameuliza ni wapi palipoandikwa kwamba hawachukui wawili. Nimemwambia hesabu haihitaji kuandikwa. Amesema haya, akaendelea kukunja nguo.


Jumanne, 7 Novemba

Siku ya kwanza Spånga. Treni ya chini ya ardhi mpaka mjini, kisha treni ya juu. Saa nzima kasoro dakika nne, mlango kwa mlango.

Mwenyekiti anaitwa Torbjörn. Mrefu, maneno machache. Ametueleza masharti akiwa amesimama na soksi, maana humu viatu huvuliwa vyote. Mtarajiwa anaosha vikombe siku mbili kwa wiki. Mimi Jumanne na Alhamisi, Wanjohi Jumatano na Ijumaa. Ukiosha unakaa na ufunguo siku hiyo. Tena kila mtarajiwa afanye kazi moja ya uhandisi ndani ya nyumba, ya kuwafaa watu. Asiitangaze. Asiitaje. Wanachama wataiona wenyewe au hawataiona.

Nimeuliza kama kuna fomu ya kuandikisha nani amefanya nini. Torbjörn amesema hapana. Nimeuliza tena kwa njia nyingine. Hapana tena.

Hili silipendi hata kidogo. Nilishafanya kazi bila kuandikisha, na matokeo nimekwisha kuyaeleza.

Kura zao ni hivi. Katibu, msichana wa kemia aitwaye Ragnhild, ana sanduku la mbao kwenye kabati la ukumbini. Ndani mna nati za shaba ishirini na tatu na washa za shaba ishirini na tatu, vile vipete bapa vya kuweka chini ya nati. Kila mwanachama anapewa nati moja na washa moja, kisha anatumbukiza moja kwenye mfuko wa kura gizani. Nati ni ndiyo, washa ni hapana. Robo tatu inahitajika. Robo tatu ya ishirini na tatu ni kumi na saba na kitu, na kitu hakipigi kura, kwa hiyo kumi na nane.

Baadaye wakanikaribisha kahawa na maandazi ya mdalasini. Nimekataa kwa adabu. Kahawa yao inaanza saa nane na kwisha saa tisa kasorobo. Dakika arobaini na tano mara siku tano ni saa tatu na dakika arobaini na tano kwa wiki, watu wamekaa kusimuliana habari za nyumba. Wanjohi amekaa. Anapenda maandazi.

Mimi nikatumia muda huo kukagua, na ndani ya dakika sita nimepata kazi yangu. Mlango wa mbele. Mlango wa aibu. Mbao nzito, nzee, umeungua upande mmoja, hauendani kabisa na nyumba yenyewe. Umelala kwenye bawaba zake. Kuufungua ni lazima uuinue kwa ncha ya mguu, na unalia mpaka ghorofani, kama mashine ya katani iliyokosa grisi tangu Uhuru. Hao ndio wahandisi ishirini na watatu wa Chama cha Bawaba, na bawaba zao ndizo hizo.

Walipoondoka nilifanya kazi. Milango ya huku huinuliwa ikatoka kwenye bawaba kama kifuniko cha sufuria. Nikasugua kutu yote, nikatia mafuta ya cherehani ya Dada Dafrosa (nilikuja nayo, fundi hatembei mikono mitupu), kisha nikahitaji kuunyanyua mlango milimita tatu. Washa moja kila bawaba ingetosha. Nimetafuta nyumba nzima. Washa za ukubwa ule zilikuwa mahali pamoja tu.

Nimechukua mbili. Si wizi. Ni mali ya nyumba, imehamia mlango wa nyumba. Tena, nilipofikiri kwenye treni, nimeona faida ya pembeni. Washa zimebaki ishirini na moja. Watu wawili hawatakuwa na hapana ya kutumbukiza. Kura mbili mkononi, kabla hata sijasalimia mtu.

Nilipokuwa nasubiri mafuta yaingie, nimeandika kwenye kadi saa za treni zote za kuelekea mjini na dakika za kutembea mpaka kituoni: tisa kwa mwendo wa kawaida, sita kwa aliyechelewa, kumi na mbili kukiwa na barafu. Nimeibandika karibu na makoti kwa ajili yangu mwenyewe. Sipendi kusubiri.


Alhamisi, 9 Novemba

Siku ya supu. Alhamisi Waswidi wote hula supu ya njegere za manjano, kisha chapati nyembamba zenye jamu. Usiulize kwa nini. Karibu wote walikuja.

Nimejiweka karibu na mlango nikiwa na kitambaa cha vikombe, nikafanya hesabu. Waliopita: kumi na tisa. Waliouinua mlango kwa mguu kwa mazoea wakakaribia kuanguka ndani: kumi na moja. Waliosimama na kuutazama: kumi na wanne. Kumi na wanne kwa kumi na tisa ni asilimia sabini na tatu na ushei. Karibu kabisa na robo tatu.

Hakuna aliyesema neno. Hiyo ndiyo sheria yao, hawasemi. Torbjörn aliufungua na kuufunga mara nne polepole, akaweka kiganja juu ya mbao, akaenda kula. Hakumaliza supu. Watu wa huku wakifurahi hawaonyeshi.

Lakini sheria inanikataza mimi kutaja kazi yangu, hainikatazi kutaja hali ya hewa. Kwa hiyo mara tatu, nikipita na vikombe, nimesema kwamba leo nyumba ina utulivu sana. Mara ya tatu Ragnhild alitazama bakuli lake akasema ndiyo, ina utulivu.

Nilipovaa viatu kurudi vilikuwa na joto, vimekauka kabisa, ingawa kutwa imenyesha mvua ya theluji. Labda majira yanageuka.


Ijumaa, 10 Novemba

Wanjohi kanifuata kwenye kantini ya chuo, kakaa bila kuombwa. Kwanza kaniuliza hali, ya nyumbani, ya masomo, ya Dada Dafrosa. Nikajua anataka kitu.

Kweli. Kasema, "Mzee, sitaki kuingilia mambo ya mtu, na najua haturuhusiwi kuongea. Lakini ile mlango ilikuwa sawa vile ilikuwa."

Nikamwuliza mlango upi.

Kasema, "Hiyo hiyo."

Nikamwambia mimi sijui habari ya mlango wowote, na kama yeye anajua, basi anavunja masharti. Kacheka. Kasema siku moja nije nikae kahawa, wale watu wana hadithi. Nikamwambia sina dakika arobaini na tano. Kasema, "Haya, mzee. Wacha niende nikaoshe vikombe."

Ana hofu. Mtu asiye na kazi yake mwenyewe lazima aogope ya mwenzake. Nimekagua nyumba yote na sijaona alichofanya. Isipokuwa amesogeza rafu ya viatu kutoka upande wa mlango mpaka karibu na bomba la joto. Kusogeza rafu. Hata mpagazi husogeza rafu.


Jumamosi, 11 Novemba

Siku ya kukusanya majani bustanini, wote. Nimefika saa nne kamili. Nimeshika kitasa. Nimevuta.

Umelia.

Umelia kama mwanzo, pengine zaidi, na umelala kwenye kizingiti vile vile. Nikachungulia bawaba. Washa hakuna. Mafuta yamepanguswa kwa kitambaa. Mtu amefanya kazi safi kabisa ya kuharibu.

Jana ufunguo ulikuwa kwa nani? Jana ilikuwa Ijumaa. Sihitaji karatasi.

Wanjohi alikuwa chini ya mti na reki yake, anaimba kitu cha kwao. Kaniamkia vizuri. Nimemwitikia vizuri. Sheria ni sheria. Nikimchongea, nimetaja kazi yangu. Ndivyo alivyonifunga huyu kijana, na nakiri ni akili.

Kitu cha ajabu, wanachama leo walikuwa wachangamfu sana. Kila aliyepita mlangoni alitabasamu ulipolia, na Torbjörn alitoka nje, akaingia tena, akatoka, kama mtoto. Nafikiri wanamcheka aliyeuharibu.


Jumanne, 14 Novemba

Zamu yangu. Ufunguo wangu.

Mlango umetoka, umesuguliwa, umetiwa mafuta, umerudi, dakika ishirini na mbili. Mara ya kwanza ilikuwa thelathini na tano. Nimechukua washa mbili nyingine sandukuni. Sikuzihesabu zilizobaki. Nilichokihesabu mwenyewe sikihesabu mara ya pili: ishirini na tatu, toa mbili, toa mbili, kumi na tisa. Sasa wanne hawana hapana. Kura nne mkononi. Nahitaji nyingine kumi na nne kati ya watu kumi na tisa, na wale waliosimama kuutazama mlango walikuwa kumi na wanne. Inatoka sawasawa, haina hata baki. Nilipoiona hesabu hii nimekaa chini kidogo.

Dada Dafrosa anatafuta mafuta yake ya cherehani. Nimemwambia yako kwenye utafiti. Kasema utafiti huo umshonee basi pindo la sare.


Alhamisi, 16 Novemba

Umelia tena. Jana ilikuwa zamu yake.

Nyumba ilijaa watu wa supu, sikupata nafasi ya kuugusa. Nimesimama na bakuli langu nikisikiliza mlango ule ukilia mara ishirini na tatu, wanachama wote, mmoja baada ya mwingine, na kila ukilia meza nzima inanyanyua vijiko na kugonga mara moja. Hata Torbjörn alimaliza supu, akaongeza. Sijui wamepatwa na nini wiki hii.

Ragnhild aliniuliza kama kadi ya treni ni mwandiko wangu. Nikamwambia ndiyo, lakini si kitu, ni yangu binafsi, nitaiondoa kama inasumbua. Akasema usiiondoe. Wapo watatu waliokuwa wakichelewa treni kila siku tangu mwaka 1969.

Sikumsikiliza sana. Nilikuwa nafikiri habari ya Wanjohi. Amekaa pale katikati yao, Kiswidi chake cha kuokoteza, wanampa chapati ya tatu. Viatu vyangu vilikuwa vya moto tena. Hata hilo lilinikera.

Nimeamua. Sitamchongea. Nitaiacha kazi ijitetee. Mlango walishauona ukiwa kimya siku ile, na asilimia sabini na tatu hawasahau.


Jumamosi, 18 Novemba

Naandika kwenye treni. Nataka yote yawe sahihi.

Chakula cha usiku kilianza saa kumi na mbili. Samaki wa chumvi, viazi, nyimbo. Wana wimbo kwa kila glasi, na kila glasi lazima umtazame mtu machoni kabla na baada. Nimetazama watu kumi na tisa machoni. Hakuna aliyekwepa.

Kisha Torbjörn alisimama akasema maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akisema. Alisimulia mlango. Inaonekana chama kilianzia kwenye karakana moja mjini iliyoungua, na kitu pekee kilichosalimika ni mlango. Waasisi waliubeba mpaka Spånga kwa mkokoteni, wakauning'iniza vile vile, umepinda, unalia, wakaapa kwamba mtu yeyote wa Bawaba ataujua mlango wa kwao kwa kuusikia. Tangu siku hiyo haukutiwa tone la mafuta. Mwanachama mpya akiingia mara ya kwanza, wote wananyamaza wausikie ukimlilia.

Akasema wiki hizi mbili kuna mtu aliyeunyamazisha, na kuna mtu aliyeurudishia sauti. Hawajui ni nani na nani. Hawatauliza. Mlango unalia, na hilo limekwisha. Akainua glasi.

Mimi nilimtazama Wanjohi. Wanjohi alikuwa anatazama kiazi chake.

Nakiri moyo ulitulia. Hawajui, hawatauliza, limekwisha. Nilikuwa na kura nne mkononi na kumi na nne mezani.

Ragnhild akaleta sanduku. Kumbe ni desturi, kabla ya kura katibu anamimina vyote juu ya kitambaa cheupe na kuhesabu kwa sauti mbele ya watarajiwa, ndipo watarajiwa wapelekwe jikoni. Alihesabu nati. Ishirini na tatu. Akahesabu washa moja moja. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu.

Sasa mimi katika maisha yangu sijawahi kukaa kimya mbele ya hesabu isiyo sahihi. Hata kanisani. Nilisimama nikasema samahani, katibu, umekosea, ziko kumi na tisa.

Ragnhild akasema ziko ishirini na tatu. Nikamwambia haiwezekani. Akazihesabu tena, mbele yangu. Nikamwomba nizihesabu mwenyewe. Nikazihesabu. Ishirini na tatu, na nne kati yake zinang'aa kwa mafuta ya cherehani.

Torbjörn aliniuliza, taratibu kabisa, nimejuaje kwamba zilikuwa kumi na tisa.

Nilifungua mdomo. Hapa ndipo mtu mwingine angesema uongo, nami nilikuwa nao wa namna mbili, mzuri wote. Lakini chumba kizima kilikuwa kinanisikiliza, watu ishirini na watatu, kwa mara ya kwanza, na walikuwa wanataka kujua kazi ni ya nani. Nikasema ni yangu. Nikawaeleza milimita tatu. Nikawaeleza dakika ishirini na mbili dhidi ya thelathini na tano. Nafikiri nilichora kwenye kitambaa.

Wanjohi alinivuta shati. Kasema kwa Kiswahili, "Mzee, kaa. Kaa tu." Sikukaa.

Jikoni tulisubiri mimi na yeye. Nikamwuliza kama ni yeye aliyerudisha washa sandukuni. Kasema alizirudisha kwa sababu ndimo zilimokuwa, angeziweka wapi? Nikamwuliza kwa nini aliuharibu mlango wangu. Kasema, "Mimi nilikuwa nakutoa kwa matope, wewe unarudi unalala ndani." Kisha kaosha vikombe vyote, na haikuwa zamu yake.

Matokeo. Wanjohi: nati ishirini na tatu. Wote. Kwa rafu ya viatu.

Mimi: nati tano. Washa kumi na nane. Kumi na nane ndiyo ile ile niliyoihitaji.

Ragnhild alinisindikiza mpaka kwenye makoti. Kasema alikuwa na uhakika wa nati ishirini kwa ajili yangu mpaka niliposimama. Nikamwuliza za nini, kama mlango hawakuupenda. Akaonyesha kadi ya treni. Kasema kila mtu anaitumia, na walipenda kwamba sikuwahi kuitaja hata siku moja.

Nilimwambia kadi si uhandisi.

Mlango ulilia nilipotoka.


Jumapili, 19 Novemba

Sikwenda kanisani. Dada Dafrosa kauliza kama naumwa. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga jiko, akasema, "Mdogo wangu, wale watu walikwambia funga mdomo wiki mbili. Mbili tu. Wewe ulishindwa dakika ngapi?"

Nikamwambia ni siku kumi na moja na saa kadhaa kabla ya kushindwa. Kasema hakuwa anauliza.

Nimepiga hesabu ya Juni mara tatu, na mara zote Juni inakuja. Kilosa. Yule bwana. Spana kinyume. Usiku nilifungua sanduku la nguo nikaangalia kama koti la kiwandani bado linanitosha. Linabana mabegani.


Jumamosi, 2 Desemba

Wanjohi kaja Hagsätra bila taarifa, theluji mpaka magotini. Dada Dafrosa kampikia ugali na mchicha wa kopo, wakasahau kama nipo. Wanjohi kala vibaya sana, yaani kala sana, kasema tangu Nyeri hajaona ugali uliosimama hivyo. Dada kamwita mwanangu.

Alipomaliza katoa karatasi. Chama kimempatia mazoezi kiangazi kwenye kituo cha umeme wa maji huko kaskazini, majuma kumi na mawili. Kituo kinawalaza wanafunzi wawili wawili, na anayepelekwa anaruhusiwa kuja na mwenzi wa kazi, mwanachama au si mwanachama. Ameandika jina langu. Ragnhild ameshatia sahihi. Kituo kimejibu ndiyo.

Nilisoma mara mbili. Jina limeandikwa sawasawa. Majuma kumi na mawili. Nilihitaji kumi na mawili.

Dada Dafrosa kaniangalia mpaka nikasema asante. Nikaisema. Nilitaka kusema zaidi, badala yake nikaenda kumkazia kitasa cha choo.

Wanjohi kasema sharti lake ni moja tu, huko kaskazini tufanye tunachoambiwa, na saa ya kahawa tukae kahawa. Nikamwambia hilo halina tatizo.


Jumanne, 5 Desemba

Nimefikiri vizuri, na naona sasa kwa nini Wanjohi alinichagua. Alihitaji mtu wa hesabu. Rafu haitampeleka mbali kwenye mitambo ya megawati arobaini. Simlaumu. Mtu anayejua upungufu wake ana mwanzo wa busara, na mimi sitamtajia.

Aliacha kijitabu cha kituo. Nimekisoma chote. Ukurasa wa tisa unaeleza kwa fahari kwamba mtambo wa pili, wa mwaka 1938, unavuma kwa sauti ambayo wafanyakazi wa zamani wanaijua, na kwamba wako majumbani mwao wanaisikia na kujua maji yako kiasi gani mtoni bila kutazama kipimo.

Miaka thelathini na minne mtambo unavuma na hakuna aliyeshughulika. Mvumo wa namna hiyo ni nguvu inayopotea. Nimekadiria, kwa uchache, asilimia moja na nusu. Nimeshachora jinsi ya kuunyamazisha. Pedi nane za mpira, na siku mbili za kazi, tatu kama Wanjohi atasaidia.

Nimemwandikia mkuu wa kituo barua ya kurasa tatu, nimemweleza kasoro, nimeambatisha mchoro, na jina langu nimeliandika juu, katikati na chini. Sikumsumbua Wanjohi kwa jambo hili. Nimeiposti asubuhi hii kwa njia ya haraka, ili wajue mapema ni nani anakuja.